Kifungua mimba, kitinda mimba na ukorofi wa wanafunzi wa sekondari: maswali na majibu

Je, mtoto huwa mkorofi shuleni kwa sababu ya nafasi yake ya kuzaliwa?

Hapana. Wazo hilo lilienezwa karne iliyopita na daktari Alfred Adler wa Austria. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa sekondari wapatao 377,000 wa Marekani. Tofauti za haiba kati ya wazaliwa wa kwanza na wadogo zao zilikuwa ndogo mno, hazimsaidii mzazi kumjua mtoto aliye mbele yake.

Mbona basi tunaziona tofauti nyumbani?

Kwa sababu tunawalea tofauti. Kifungua mimba anayebebeshwa ulezi wa wadogo zake hufika darasani amechoka, na neno dogo humwasha. Kitinda mimba anayetetewa kwa kila kosa hashiki kanuni za shule. Hayo ni malezi, na sisi wakubwa tunaweza kuyarekebisha.

Mwanangu wa mwisho amebadilika ghafla. Nisubiri akue?

Usisubiri. Wanafunzi wengi ninaowapokea kwa ushauri wamecheleweshwa na kauli moja: "Ndivyo vitinda mimba walivyo." Deko huonekana tangu utotoni. Mtoto aliyebadilika ndani ya wiki chache, hapati usingizi, amewakimbia rafiki zake, alama zimeporomoka, anapigana, huyo ana jambo. Huenda anaonewa, amedhalilishwa kingono, ameanza pombe au bangi, au ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona ya kijana mara nyingi hujitokeza kama hasira, si machozi. Mpeleke kwa mshauri nasaha au kituo cha afya wiki hii, wala usingoje shule ifungwe.

Na kifungua mimba aliyenyamaza tu, hasumbui mtu?

Naye usisubiri! Mnamsifu kuwa amekomaa, kumbe amezidiwa. Mpunguzieni kazi, kisha kaa naye umsikilize bila kumhubiria.

Viboko je?

Havitibu lolote kati ya haya. Huongeza ukali, na humfundisha mtoto kuficha. Tafadhali tuviache.

Akisema anataka kufa?

Ni dharura, hata kama ndugu wanasema anatafuta kudekezwa. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zote karibu naye, umfikishe hospitali siku hiyohiyo.