Stenti ikiziba: maswali ya wagonjwa wa moyo Nairobi

Niliwekewa stenti nikaambiwa mshipa umefunguka. Unawezaje kuziba tena?

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachoutanua mshipa wa moyo. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uote juu yake, damu hukiona kama kitu kigeni na inaweza kuganda hapo ghafla. Siku 30 za kwanza ndizo za hatari zaidi, ingawa wapo wanaozibiwa baada ya miaka. Wengi hawapatwi kabisa: katika mwaka wa kwanza ni takriban mgonjwa mmoja kwa kila 100.

Ikitokea, mtu hupona?

Wapo wanaopona, lakini tusidanganyane: mshtuko wa moyo unaoletwa na stenti kuziba ni mbaya kuliko ule wa kawaida. Mara nyingi mshipa huziba wote kwa mpigo, moyo usipate muda wa kujitafutia njia za pembeni. Tafiti nyingi zimetaja vifo vya kati ya asilimia 20 na 45. Anayefikishwa hospitali mapema na kufunguliwa mshipa ana nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo, baadhi ya wanaonusurika hubaki na moyo dhaifu: miguu inavimba, pumzi inakatika kwenye ngazi. Na stenti iliyoganda mara moja huweza kuganda tena.

Husababishwa na nini?

Pengine stenti haikutanuka vizuri, au mgonjwa ana kisukari, figo mbovu, au anavuta sigara. Lakini inayoniudhi, kwa kuwa inazuilika, ni kuacha dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya wakati. Aspirini pamoja na klopidogreli au tikagrelori kwa kawaida humezwa miezi 12 ikiwa stenti ilitokana na mshtuko wa moyo, na mara nyingi miezi 6 kama haikuwa dharura. Baada ya hapo wengi hubaki na aspirini. Hapa mjini utasikia: pesa zimeisha, nimeshapata nafuu, au daktari wa meno kasema niziache aning'oe jino. Jino kwa kawaida hung'olewa dawa zikiendelea. Mwombe azungumze kwanza na daktari wako wa moyo. Pesa zikiwa ndiyo shida, mwambie daktari kabla vidonge havijaisha, si wiki mbili baadaye.

Nina ulsa. Naweza kujinunulia omeprazoli kwenye duka la dawa?

Kama unameza klopidogreli, hapana, uliza kwanza. Omeprazoli huipunguzia nguvu. Pantoprazoli, dawa ya aina hiyo hiyo, huiathiri kwa kiasi kidogo kuliko omeprazoli.

Kifua kikinibana usiku?

Usijiambie ni asidi ukanywa maziwa na kulala. Maumivu yanayobana, jasho jembamba, mkono au taya kuuma: piga 999 au 112, na usijiendeshe gari. Si kila hospitali ya Nairobi ina maabara ya kufungulia mishipa ya moyo, kwa hiyo muulize daktari wako leo ni ipi iliyo karibu nawe inayofanya kazi hiyo usiku kucha, na watu wa nyumbani waijue. Ukifika mlangoni, sema "nina stenti" kabla hata hujataja jina lako.