Kizibo cha mtutu si kinga kamili

Wachezaji wengi wa peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi, huamini kwamba bunduki yenye kizibo mdomoni haiwezi kumdhuru mtu. Imani hiyo ni ya zamani, enzi ambazo kizibo cha plastiki ndicho kilichokuwa kinga ya kawaida. Lakini kizibo hushikiliwa na msuguano tu. Risasi ya rangi hutoka kwa kasi ya takriban mita 90 kwa sekunde. Bunduki za elektroniki, zinazofyatua mfululizo, zinaweza kukilegeza kisha kukirusha, nacho kikawa kombora. Ndiyo maana viwanja vingi sasa hudai soksi ya mtutu: mfuko wa kitambaa kigumu unaofunika mdomo na kufungwa nyuma ya bunduki kwa kamba ya mpira. Kamba ikilegea, ibadilishwe. Na kitufe cha usalama? Hicho huzuia kifyatulio tu.