Pikipiki ya mkataba na masomo ya sheria ya biashara chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi hutujia sisi tunaofundisha sheria na swali moja: "Mwanangu anataka sheria, lakini ni mpole, hajui kubishana. Ataweza?" Nyuma ya swali hilo kuna picha ya wakili aliyesimama mahakamani akimtetea mshitakiwa wa mauaji. Kesi za namna hiyo zipo, na tunazifundisha. Ila sehemu kubwa ya miaka ya shahada ya sheria inakwenda kwenye mambo yaliyo baina ya mtu na mtu: mikataba, ardhi, ndoa, mirathi, madhara anayosababishiwa mtu na mwenzake, na upande wa biashara mauzo, uwakala, ubia, kampuni, benki na bima. Hiyo ndiyo sheria binafsi na sheria ya biashara, na mtoto mpole anayesoma kwa makini anaifaa sana.

Tuchukue jambo ambalo kila kijiwe nchini Tanzania kinalijua, pikipiki ya mkataba. Mwenye chombo anamkabidhi kijana pikipiki mpya. Kijana atapeleka hesabu, yaani kiasi cha fedha walichokubaliana, kila siku, na mwaka ukiisha pikipiki inakuwa yake. Akikosa hesabu siku kadhaa mfululizo, inarudi kwa bosi na alichokwisha kulipa kinapotea. Wameandikiana karatasi moja mbele ya shahidi. Mara nyingine hata karatasi hiyo haipo. Mwezi wa kumi na moja kijana anaugua, hesabu inakatika, bosi anakuja na ufunguo wa akiba na kuondoka na chombo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma kisa hiki husema haraka, "bosi kamdhulumu." Huenda ni kweli, lakini bado hajajibu kisheria. Inabidi arudi kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, jambo halali, na kila upande uwe na kitu anachokitoa. Je, makubaliano ya mdomo yanatosha? Kwa kawaida yanatosha, isipokuwa pale sheria nyingine inapodai maandishi, ingawa kuyathibitisha ndiko kunakotesa. Halafu anafika kifungu cha 74, kinachohusu adhabu iliyopangwa ndani ya mkataba wenyewe. Aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa; hachukui tu kila kitu kwa sababu karatasi imesema hivyo. Hapo kijana aliyelipa miezi kumi amepata hoja ya kusimamia.

Kazi haijaisha. Umiliki ulikuwa wa nani wakati wote huo, kwa kuwa kadi ina jina la bosi? Huu ulikuwa ukodishaji, mauzo kwa awamu, au ajira iliyovishwa nguo nyingine? Kijana akimgonga mtembea kwa miguu, je, bosi naye anawajibika, na bima inasemaje? Bosi akifariki mwezi wa tisa, warithi wanafungwa na ahadi yake? Kisa kimoja kimepita kwenye mikataba, mauzo, madhara, bima na mirathi. Ndiyo maana masomo haya hayakaririki. Anayekariri vifungu hufika kwenye chumba cha mtihani akakuta ukurasa mzima wa hadithi isiyotaja kifungu hata kimoja, na yeye ndiye anayetakiwa kuyaona maswali yaliyojificha ndani yake.

Wanafunzi huuliza kwa nini wanasomeshwa kesi za Uingereza za karne ya 19. Sababu ni historia. Sheria yetu ya mikataba ilitungwa kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, na sheria ya matumizi ya sheria, Sura ya 358, inaitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo mpaka wa kupokea kanuni za Uingereza, pale tu zinapofaa mazingira yetu. Mimi huwahimiza wasizisome kama mapambo. Chukua kesi ya Salomon ya mwaka 1897. Fundi viatu wa London aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Baraza la Malodi, yaani House of Lords, lilikataa: kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, ina madeni yake na mali zake. Kila mfanyabiashara anayesajili kampuni leo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, anasimama juu ya msingi huo. Na kila benki inauelewa, ndiyo maana ikikopesha kampuni ndogo humtaka mkurugenzi atie saini dhamana binafsi. Wengi hutia saini wakidhani ni utaratibu wa kawaida tu, kumbe wameirudisha nyumba yao ndani ya deni.

Kuhusu nyumba, hapa ndipo ndoa na benki hukutana, na napenda darasa likae hapo muda mrefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wakili wa benki asiyejua sheria ya ndoa ataandaa dhamana yenye ufa tangu siku ya kwanza.

Kisha tunasoma hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyotolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ilisema ndiyo, na kanuni hiyo imewalinda wanawake wengi tangu hapo. Lakini soma hadi mwisho: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na mahakama iliona alizitapanya, hivyo ikahesabu kuwa sehemu yake alishaipata. Wanaosoma muhtasari wa daftari la mwenzao hawalijui hili. Wanaosoma hukumu yenyewe wanajifunza kwamba kanuni na matokeo ni vitu viwili, na wanaanza kuuliza kama matokeo yale yalikuwa ya haki. Swali hilo nalitaka sana darasani.

Kwa anayefikiria kuomba: mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) si sharti la akili ya sheria. Waliotoka ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) mara nyingi hufanya vizuri kwenye sheria ya kampuni kwa kuwa mizania haiwatishi. Kinachowaangusha wengi ni lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu na hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza, na mwanasheria wa leo anahitaji kuandika vizuri kwa zote mbili. Ukimaliza shahada, uwakili unahitaji pia kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wasiotaka uwakili huenda kwenye benki, bima, idara za manunuzi au ukatibu wa kampuni.

Usisubiri udahili ili uanze. Hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu. Fungua moja ya mkataba, andika kwa maneno yako nani alidai nini, mahakama iliulizwa nini, na ilijibu kwa sababu gani. Kisha iombe familia ikuoneshe mkataba wowote uliopo nyumbani, wa pango au wa mkopo, usome kila mstari, hata yale maandishi madogo ya chini.