Kiporo cha Sabasaba: Chakula cha Maonesho Kinapofika Jikoni

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere katika Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke, hufurika watu wanaokwenda kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo wenyeji tunayaita Sabasaba tu. Jioni familia hurudi na mizigo ya aina mbili: vyakula vilivyopikwa tayari, kama mishkaki, kuku wa kuchoma, pilau na samaki wa kukaanga, na bidhaa kavu kutoka mikoani, kama asali ya Tabora, mchele wa Kyela, dagaa wa Kigoma, karafuu na iliki za visiwani, na unga wa lishe wa wajasiriamali wadogo. Sisi maofisa lishe tunapenda mizigo hiyo iende pamoja jikoni, kwa kuwa viungo na nafaka za maonesho vinaweza kukigeuza kiporo kuwa mlo mpya kabisa, ilimradi kiporo chenyewe kimetunzwa vizuri tangu kilipoepuliwa.

Suala la muda ndilo linaloamua mengine yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na kwamba kihifadhiwe ama kikiwa cha moto kwa nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi, ama kikiwa baridi chini ya nyuzi 5. Kati ya viwango hivyo viwili bakteria huzaliana kwa kasi, na hata Julai, ambao kwa Dar es Salaam ni mwezi wa ubaridi, joto la mchana hukaribia nyuzi 30. Muda huo huhesabiwa tangu chakula kilipotoka motoni, wala si tangu mlipofika nyumbani. Mishkaki iliyokaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya daladala, katika foleni ya Kilwa hadi Mbagala, imekwisha kutumia sehemu kubwa ya muda wake kabla hamjafungua mlango. Kwa hiyo tunashauri chakula cha kupeleka nyumbani kinunuliwe mwishoni kabisa mwa matembezi, kikiwa kinatoka jikoni, na kiliwe usiku uleule au kipozwe mara moja.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu wa pekee, na hapa ndipo makosa mengi ya nyumbani hutokea. Katika mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye hutengeneza mbegu sugu zinazostahimili kuchemka kwa maji. Wali ukiiva na kuachwa uvuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki hata wali upashwe moto mara ngapi. Ndiyo maana mtu anaweza kula kiporo kilichofukuta vizuri asubuhi, akatapika kabla ya saa sita mchana. Hotpoti, ambayo tumeizoea na kuipenda, haifai kulaza wali, kwa sababu huushusha joto polepole usiku kucha, hivyo kuwapa bakteria mazingira wanayoyataka. Hotpoti itumike kuweka chakula cha kuliwa muda mfupi ujao. Wali wa nazi, maharage ya nazi na mchuzi wowote wenye tui, kama kila mpishi wa pwani anavyojua, huchacha upesi zaidi, na harufu ya uchachu ikianza hakuna kiungo kitakachouokoa.

Namna sahihi ya kupoza ni rahisi na haihitaji kifaa cha gharama. Chukua sinia pana na safi, mwaga wali au pilau na uutandaze uwe tabaka jembamba, lisilozidi urefu wa kifundo kimoja cha kidole, kisha ufunike kwa kawa na uuache mahali penye upepo hadi mvuke uishe. Nyama ikatwe vipande vidogo. Mchuzi ubaki kwenye sufuria yake, na sufuria iwekwe ndani ya beseni lenye maji baridi, ikiwezekana na barafu ya mfuko kutoka dukani, huku ukikoroga mara kwa mara. Baada ya hapo kila kitu kiingie kwenye vyombo vifupi vyenye vifuniko, kisha kwenye friji. Wali uliotunzwa hivyo uliwe ndani ya siku moja, na nyama na mchuzi ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika usifungue friji bila sababu, kwa kuwa ikifungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa takribani saa nne. Zikipita hizo, viporo vya nyama, samaki na nazi vitupwe.

Nyumba nyingi za jiji hili hazina friji, na si haki kutoa ushauri kana kwamba kila mtu anayo. Kwa familia hizo kauli yetu ni moja: kinunuliwe kinachotosha mlo mmoja, na fedha iliyobaki inunue vitu vikavu, ambavyo ndivyo hasa vyenye thamani katika maonesho.

Katika ununuzi huo, soma lebo kabla ya kuonja. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa iliyofungashwa inapaswa kuonyesha jina la mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Karanga, unga wa mahindi na unga wa lishe uliochanganywa karanga vinahitaji jicho kali, kwa sababu vikihifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu zitupwe, na wala zisipewe kuku. Dagaa wawe wakavu wa kuvunjika, wasiwe na mchanga wala harufu ya mafuta yaliyooza.

Sasa tuje kwenye sufuria, na tuanze na mishkaki, ambayo kupashwa moto mtupu huifanya iwe ngumu kama kamba. Ichomoe kwenye vijiti na uikate vipande vidogo. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kisha nyanya, na uache nyanya ziive hadi mafuta yajitenge. Hapo ndipo utie nyama pamoja na tui jepesi, ufunike, na uiache ichemke kwa mapovu hadi ilainike. Tui zito liingie mwisho, ukikoroga bila kuacha ili lisikatike, na iliki mbili za maonesho zilizopondwa muda huohuo zitoe harufu yake. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, kwa maana nyama ya kuchoma huwa imekwisha kutiwa ya kutosha. Mchuzi huo ukipashwa, upashwe mara moja tu, na kitakachobaki hapo kisihifadhiwe tena.

Samaki wa kukaanga achambuliwe miiba, achanganywe na viazi vilivyopondwa, kotimiri na ndimu, kisha zifinyangwe katlesi. Angalizo ni kwa jodari na vibua: wakikaa bila ubaridi kabla ya kukaangwa hujenga histamini, kemikali yenye madhara ambayo moto hauiondoi, na mlaji huwashwa mdomo, huiva uso na kuumwa kichwa. Samaki anayechoma ulimi kama pilipili ilhali hakutiwa pilipili asiliwe. Mchicha au kisamvu kilichobaki huchangamka kikitiwa dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakavu, na mlo huo huwapa watoto protini na madini ya chokaa kwa gharama ndogo.

Wali mweupe uliolala kwenye friji unafaa kuingia katika mkate wa kumimina. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku, asubuhi usage pamoja na kikombe kimoja cha wali na tui zito, tia hamira na iliki, na uache uumuke hadi juu pajae vitundu. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Badala ya sukari yote unaweza kutumia asali, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe mkate huo, wala asali kwa namna nyingine yoyote, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli), ambazo tumbo lake bado haliwezi kuzidhibiti na joto la mkate haliziui.