Elimu kwa mpiga kura wa Kentucky: ugomvi wa Mei unaamuliwa Desemba

Ofisi yetu ya uchaguzi imeanza kampeni ya kuwakumbusha wapiga kura wahakiki chama walichoandikishwa nacho kabla ya Jumatano, tarehe 31 Desemba 2025. Nimeombwa niandike kwa Kiswahili kwa sababu malalamiko mengi tuliyoyapokea baada ya mchujo wa Mei 2024, yaani kura ya kuchagua mgombea wa kila chama kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, yaliletwa na ndugu zetu wanaozungumza lugha hii, wengi wao kutoka Kongo. Sababu nyingine ni kwamba nimechoka kuyajibu moja moja kaunta. Niseme mapema: makala hii haimpigii debe mtu wala chama. Wagombea wa mwaka 2026 sitawataja, hata wale ambao matusi yao mnayatazama kila jioni kwenye simu.

Malalamiko yenyewe yana sura moja. Mzee mmoja alifika kituoni asubuhi, akitoka zamu ya usiku. Kwa miezi mitatu alikuwa amefuatilia mvutano wa wagombea wawili wa chama kimoja, na alijua nani kamsema nani na lini. Karani wa kituo akatafuta jina lake, akaliona, akamwambia kwamba hana karatasi ya kumpa. Kwenye daftari la wapiga kura mzee alikuwa ameandikwa kuwa hana chama. Aliijaza fomu hivyo mwenyewe siku alipoapa uraia kwa sababu, kwa maneno yake, hakutaka kujiingiza kwenye makundi ya watu. Akaondoka akiamini kwamba amenyimwa kura kwa ajili ya lafudhi yake.

Hakunyimwa. Mchujo wa Kentucky umefungwa. Karatasi ya mchujo wa Republican anapewa aliyeandikishwa Republican, na ya Democratic anapewa aliyeandikishwa Democratic. Asiye na chama hupiga kura za nafasi zisizo za kivyama tu, kwa mfano majaji, na zisipokuwepo mahali anapoishi hana la kupigia siku hiyo. Sheria inaangalia ulikuwa umeandikishwa chama gani ilipofika tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Mchujo ujao ni Jumanne, tarehe 19 Mei 2026. Ukibadili chama tarehe 1 Januari, mabadiliko yataingia kwenye daftari bila tatizo, lakini kwa mchujo huo umechelewa. Hakuna rufaa, hakuna barua ya kuomba huruma, wala karani wa kaunti hana mamlaka ya kukusaidia hata kama ni jirani yako.

Anayejiandikisha Kentucky kwa mara ya kwanza hafungwi na tarehe hiyo. Ukiapa uraia Februari, una nafasi ya kujiandikisha na chama hadi saa 10 alasiri ya tarehe 20 Aprili na kupiga kura Mei. Lakini fomu hiyo ya kwanza ndiyo mtego wa wengi. Ukiacha kisanduku cha chama wazi, au ukichagua kutokuwa na chama kisha Machi ukabadili mawazo, tayari unahesabiwa kuwa mtu anayebadili chama, na Desemba imeshapita. Watu hujaza kisanduku hicho haraka wakiwa wamesimama, bendera ndogo mkononi, picha zinasubiri. Kisomeni.

Mwaka 2025 haukuwa na uchaguzi wa kawaida hapa kwetu, kwa hiyo wengi hawajafikiria kura tangu Novemba 2024. Kampeni za mchujo huchangamka Machi na Aprili, wakati mlango umefungwa zamani.

Nadhani shida iko kwenye neno lenyewe, chama. Mtu aliyekulia Tanzania, Kenya au Kongo analijua neno hilo kwa uzito wake. Kuna kadi, kuna ada, kuna vikao. Jina la mgombea linaweza kuongoza kura za maoni kisha likakatwa juu. Mbunge wa Tanzania akifukuzwa chama, ubunge unakwenda nao, na Katiba ya Kongo inamhesabu mbunge anayekihama chama chake kwa hiari kuwa ameacha kiti. Ukitoka huko, unapoona kisanduku cha chama kwenye fomu ya serikali ni haki yako kuogopa.

Kisanduku cha Kentucky ni kitu kingine. Hakuna ada. Hakuna kadi. Zile kadi ngumu zinazokuja kwa posta zikiwa na jina lako na neno la uanachama ni maombi ya mchango, na naomba msiziletee ofisi yetu ili zigongwe mhuri. Chama hakina uwezo wa kukufuta kwenye daftari, na wewe huna wajibu wa kukitii. Mwanasiasa naye ni hivyo hivyo. Desemba 2019 mbunge Jeff Van Drew wa New Jersey alihama Democratic kwenda Republican, wale tunaowaita nyumbani waunga juhudi, na kiti chake hakikutikisika. Novemba 2021 kamati kuu ya Republican ya jimbo la Wyoming ilipiga kura kutomtambua tena Liz Cheney kuwa mwanachama wao. Cheney akaendelea kuwa mbunge, na Agosti 2022 jina lake likawa kwenye karatasi ya mchujo wa chama hicho hicho.

Watu huniuliza kwa nini Wamarekani wa chama kimoja wanatukanana hadharani namna hii, je, hawana wazee wa kuwaita ndani wakawasuluhisha? Jibu langu, na hapa nasema kwa niaba yangu binafsi, ni kwamba hakuna chumba cha kuitiwa. Chama hakina kisu cha kukata majina. Kisu kiko mikononi mwa wapiga kura wa mchujo, kwa hiyo anayetaka mwenzake akatwe lazima aje kwenu, na atakuja na matangazo. Cheney alikatwa kwa njia hiyo, akapata chini ya asilimia 30 ya kura, ingawa miaka miwili nyuma alipita mchujo kwa zaidi ya asilimia 70. Alikuwa mmoja wa wabunge 10 wa Republican waliopiga kura Januari 2021 kumshtaki Rais Donald Trump bungeni. Katika hao 10, wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye michujo, na wawili tu ndio waliorudi bungeni, Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Majimbo ya hao wawili yana mchujo ulio wazi kwa wapiga kura wote, na wawili wanaoongoza ndio wanaokwenda Novemba. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana Jaime Herrera Beutler wa Washington, mmoja wa wale wanne walioangushwa, alikuwa na mchujo wa aina hiyo hiyo na akaanguka. Nasema tu kwamba nani anaruhusiwa kuingia kwenye mchujo ni suala lenye meno.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda ni wa Mei 2015. Republican walikuwa wanatafuta mgombea wa ugavana. James Comer na Hal Heiner, waliodhaniwa kuwa ndio wakubwa, walichafuana hadi mambo ya binafsi yakaingia magazetini. Matt Bevin, ambaye mwaka uliotangulia alijaribu kumng'oa Mitch McConnell kwenye mchujo wa seneti akashindwa vibaya, alirusha tangazo la watoto wawili wakirushiana chakula mezani, kisha akajiweka yeye kuwa mtu mzima. Siku ya kura Bevin alipata 70,480 na Comer 70,397. Tofauti ni kura 83, jimbo zima, kaunti 120. Jumla za mashine zikakaguliwa upya kwa ombi la Comer, hazikubadilika, akakubali. Kentucky haina duru ya pili kwenye mchujo. Anayeongoza amepita, na Bevin alipita akiwa na theluthi moja ya kura. Novemba akawa gavana.

Kura 83! Kwenye harusi moja ya Wakongo hapa Louisville watu 83 hawajazi hata meza za upande wa bibi harusi.

Ukishindwa mchujo Kentucky, sheria hairuhusu jina lako liwekwe kwenye karatasi ya Novemba kwa nafasi ile ile, iwe kwa chama kingine au kama mgombea binafsi. Majimbo mengine ni tofauti. Mwaka 2006 Seneta Joe Lieberman wa Connecticut aliangushwa na Ned Lamont kwenye mchujo wa Democratic, akarudi Novemba kwa tiketi yake mwenyewe na akashinda. Mwaka 2010 Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa mchujo, akawaomba wapiga kura waliandike jina lake kwa mkono, wakaliandika, na mawakili wakabaki kubishana kuhusu tahajia. Hapa kwetu aliyeshindwa Mei amekwama, na ndiyo maana Juni mnawaona waliotukanana wamekumbatiana jukwaani. Mnasema ni unafiki. Inawezekana. Lakini pia hawana pa kwenda.

Msidhani tarehe hizi zinawanasa wageni peke yao. Aprili 2016 Ivanka na Eric Trump walishindwa kumpigia baba yao kura kwenye mchujo wa New York kwa sababu hawakuwa wameandikishwa Republican kwa wakati. New York ilitaka mabadiliko ya chama yafanywe Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mgombea mwenyewe alisema wanawe wamejisikia vibaya. Hakuna aliyewafungulia daftari.

Sasa lile ninaloulizwa kila siku, na ambalo nakiri linanikera. Kuandikishwa na chama hakukufungi Novemba. Narudia. Novemba kila mpiga kura anapata karatasi yenye vyama vyote na anamchagua anayemtaka. Watu wa Kentucky wanaijua sana biashara hii. Kwa vizazi vingi walioandikishwa Democratic walikuwa wengi kuliko Republican, na waliongoza kwenye daftari hadi Julai 2022, wakati jimbo lilikuwa limeshampa rais wa Republican kura zake tangu mwaka 2000 bila kukosa. Mwaka 2019 Bevin aliangushwa na Andy Beshear wa Democratic kwa kura 5,136, huku nafasi nyingine zote tano za jimbo zima zikichukuliwa na Republican siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo.

Karatasi ya Novemba ina pia alama ya kuchagua chama kizima kwa mkupuo. Ukiitia wino, kura yako inakwenda kwa wagombea wote wa chama hicho. Ukiitia wino kisha kwenye nafasi fulani ukamchagua mtu wa chama kingine, kwa nafasi hiyo anahesabiwa huyo uliyemchagua. Lakini alama ya mkupuo haigusi majaji, wala wajumbe wa bodi za shule, wala mapendekezo ya kubadili katiba. Hayo yajaze moja moja, na geuza karatasi, kuna nyuma.

Kuhusu adhabu, nawajibika kuzieleza zote hata kama wewe hazikuhusu. Kujiandikisha kwa hila ni jinai ya daraja la D kwa sheria ya Kentucky, kifungo cha mwaka 1 hadi 5. Kununua au kuuza kura ni daraja hilo hilo, na kwa jimbo hili si nadharia, kuna maofisa wa Clay County waliofungwa kwa hilo. Asiye raia akipiga kura ya shirikisho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, na juu ya hapo anaweza kuondolewa nchini. Ukiulizwa habari ya kura unaposhughulikia leseni ya gari na hujaapa uraia, jibu hapana, hata kama una kadi ya kijani na unalipa kodi. Msaada kituoni unaruhusiwa kwa asiyeweza kusoma Kiingereza. Unaweza kuja na mwanao, jirani au mchungaji, mtajaza fomu ya msaada, na msaidizi asiwe mwajiri wako wala wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Anakusomea na kutia alama unayoitaka wewe. Hakuchagulii.

Chama ulichoandikishwa nacho si siri, wagombea na vyama hupata orodha hiyo. Uliyemchagua ni siri, nasi hatuna namna ya kumjua. Ujumbe wa sauti unaozunguka WhatsApp kwamba kubadili chama kunaathiri faili lako la uhamiaji ni uongo, na aliyeurekodi hakufika ofisini kuuliza.

Kuhakiki ni kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo au kwa karani wa kaunti unayoishi. Njoo na kitambulisho chenye picha. Tarehe 31 usije jioni, ni mkesha wa mwaka mpya na wafanyakazi wetu nao wana familia.

Yule mzee alirudi wiki iliyopita. Alijaza fomu akiwa amekaa, akasoma kila kisanduku kwa kidole, akachagua chama ambacho sitakitaja. Nikamchapishia ukurasa unaoonyesha mabadiliko. Akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele, akaniuliza mhuri uko wapi.

Nikamwambia mhuri hatuna. Akakaa tena kwenye kiti, akasema atasubiri.