Jazz si ile ya Morogoro tu, wala si ya hotelini

Kila spika ninayomaliza kuitengeneza naijaribu kwa jazz. Besi ikikwaruza naisikia mapema, na tarumbeta inanionyesha kama twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imepona. Kwa kazi hiyo nimekaa Majengo, hapa Dodoma, miaka mingi, na maneno ya wateja nimeyazoea. Wengi wanakipenda wanachokisikia. Kinachowazuia kuutafuta muziki huu wenyewe ni mambo waliyoambiwa juu yake, na mengi si kweli. Nimeandika hapa yale ninayoyasikia zaidi, pamoja na majina ya kuanzia.

“Fundi, hiyo si ndiyo ya akina Mbaraka, Morogoro Jazz?”

Jina ni moja, muziki ni mwingine. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz zilikuwa bendi za dansi: rumba, magitaa yanayojibizana, mashairi ya Kiswahili. Enzi hizo bendi kujiita “jazz” ilikuwa kusema sisi ni wa kisasa, tuna ala za kisasa. Rumba hiyo ilitufikia kwa santuri za Kuba tangu miaka ya 1930, baadaye kwa wanamuziki wa Kongo. Jazz yenyewe ilizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, karne ya 20 ikianza.

Hata hivyo ni ndugu. Rumba ya Kuba na jazz ya New Orleans zote zimebeba midundo ya Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Kwa hiyo anayempenda Mbaraka Mwinshehe ana nusu ya safari mkononi. Sikio lake limezoea gitaa la solo linaloaga wimbo, linatembea peke yake, kisha linarudi nyumbani. Mteja wa namna hiyo nampigia “Grazing in the Grass” ya Hugh Masekela, ya mwaka 1968. Kengele ya ng'ombe inagonga humo mwanzo hadi mwisho, na Mgogo yeyote aliyewahi kuchunga anageuza shingo.

Masekela, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1939, ana uhusiano na nchi yetu ambao wachache wanaujua. Tarumbeta yake ya kwanza alinunuliwa shuleni na padri Mwingereza, Trevor Huddleston, aliyekuwa akipinga ubaguzi wa rangi kule. Mwaka 1956 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu, naye aliwatumia vijana wa bendi ya shule hiyo tarumbeta kutoka Marekani. Padri huyo ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi, kuanzia 1960 hadi 1968. Na wakati Masekela akiishi uhamishoni, wapigania uhuru wa nchi yake walikuwa kambini Kongwa, humu humu mkoani kwetu.

“Ni muziki wa Wazungu, wa wasomi.”

Hili linaniuma kuliko yote. Naelewa linakotoka: hoteli zimeongezeka Dodoma tangu Serikali ihamie, na mapokezini utakuta saksafoni laini ikipiga polepole ili isimsumbue mtu. Mpita njia anadhani jazz yote ni hiyo. Ile ni tawi moja jembamba la mti mkubwa.

Mti wenyewe ulipandwa na watu Weusi wasio na kitu. Armstrong alizaliwa mwaka 1901 katika mtaa wa kimaskini wa New Orleans. Alipokuwa mtoto alifyatua bastola barabarani, akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha watoto, na huko ndiko alikofundishwa vizuri tarumbeta. Msikilize katika “West End Blues” ya 1928: anaingia peke yake, bila ngoma wala piano, kama mtu anayefungua mlango kwa bega. Mwaka 1960 alipofika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, watu walimbeba juu juu kwenye kiti. Watu wale hawakuhitaji shahada kumwelewa.

“Kila mtu anapiga anavyotaka, ni fujo tu.”

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa.

Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Bahi, ameleta redio ya betri imefungwa kwa kamba ya mpira. “Mbukwenyi, babu,” nikamsalimu Kigogo, nikampa kigoda. Wakati naifungua redio yake, spika ya mteja mwingine ilikuwa inapiga “So What” ya Miles Davis, mpiga tarumbeta Mmarekani. Besi lilisema maneno machache, tarumbeta na saksafoni zikaitikia kwa sauti mbili fupi. Besi likasema tena, zikaitikia tena. Mzee akaacha kuongea. Vidole gumba vyake vilianza kucheza juu ya goti, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeshika ilimba, ala yetu ya kupigwa kwa vidole gumba. Baadaye akasema, “Huyu anaita, wale wanaitika. Sasa amewaacha, anasema ya kwake. Subiri, atarudi.”

Akarudi kweli. Sikuwa nimemweleza lolote.

Ndivyo jazz inavyofanya kazi. Kuna wimbo unaojulikana na wote, na chini yake kuna mzunguko usiobadilika. Katika “So What” mzunguko una vipimo 32, kila kimoja hesabu nne za mguu: 16 vya kwanza viko katika sauti moja, vinane vinapanda nusu sauti, vinane vya mwisho vinashuka pale pale palipoanzia. Mpigaji akianza kubuni yake papo hapo, mzunguko ule unaendelea kichwani mwake na vichwani mwa wenzake. Akiupoteza, kila mmoja jukwaani anajua. Mpiga zeze wa Kigogo anafanya vivyo hivyo anapoongeza maneno ya harusi ya leo kwenye wimbo wa babu yake. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyeipeleka ilimba yetu hadi ng'ambo, alikuwa bingwa wa jambo hilo.

Kwa mtu mpya, hakuna mlango mzuri kuliko albamu yenye wimbo ule, “Kind of Blue”. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu za mwaka 1959, na wanamuziki waliingia studio wakiwa na michoro michache ya nyimbo. Humo yumo John Coltrane kwenye saksafoni na Bill Evans kwenye piano. Ukisikiliza mara ya kwanza, fuata besi peke yake. Mara ya pili fuata ngoma. Usijaribu kusikia vyote kwa pamoja, sikio litachoka bure.

Mwaka huo huo kundi la Dave Brubeck lilirekodi “Take Five”, wimbo wa Paul Desmond, mpiga saksafoni wake. Hesabu nao: moja mbili tatu, moja mbili. Ukishindwa kuhesabu, acha mguu ukuongoze.

“Haina waimbaji, ni vyombo vitupu.”

Kina mama wananiambia hivi sana, na jibu langu huwa Ella Fitzgerald. Mwaka 1960 jijini Berlin, mbele ya umati, alisahau maneno ya “Mack the Knife” katikati ya wimbo. Hakusimama. Alitunga mengine pale pale, akaimba kwamba amesahau, akamwigiza Armstrong kwa sauti nzito, na rekodi ya usiku ule ikampa tuzo ya Grammy. Ukitaka huzuni, yupo Billie Holiday, ambaye mwaka 1939 alirekodi “Strange Fruit”, wimbo wa watu Weusi walionyongwa na kuachwa wakining'inia mitini. Usiuweke wakati wa kula. Nina Simone alitaka kuwa mpiga piano wa muziki wa Ulaya wa kumbi kubwa, ule wa akina Bach, na ukisikiliza vidole vyake utaamini. Miriam Makeba hahitaji kutambulishwa kwetu, ila wengi hawajui kwamba alikulia katika makundi ya jazz ya Johannesburg.

“Lazima uanze na za zamani, uende kwa mpangilio.”

Hapana. Anza na unayoipenda.

“Sisi hatumo humo.”

Tumo. Afrika ina jazz yake: Abdullah Ibrahim wa Cape Town na “Mannenberg” ya 1974, Mulatu Astatke wa Ethiopia aliyeichanganya na sauti za kwao. Kiswahili nacho kimo, ndani kabisa. Mwaka 1958 Wilbur Harden na Coltrane walirekodi “Tanganyika Strut”, bado tukiwa chini ya Mwingereza. Miaka ya 1970 ikianza, mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake kwenye bendi wakachukua majina kama Jabali, Mganga na Mchezaji. Vijana wa chuo wakiona majina hayo kwenye simu wanadhani nimewatania, mpaka wanapoyatafuta wenyewe.

Lakini ninayoitunza kuliko zote ni “Uhuru Afrika” ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja na zaidi kabla ya bendera yetu kupandishwa. Sehemu yake ya kwanza inaitwa “Uhuru Kwanza”, ya mwisho “Kucheza Blues”. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Kabla bendi haijaingia, ngoma zinalia chini na mtu anasimulia kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika mwenzetu. Iweke usiku, umeme ukiwa umetulia na barabara imenyamaza, na uongeze sauti pale anapoanza kusema.