Matone yanayosaidia mno

Mama aliingia na mwanawe wa miaka 9 na mfuko mweusi wa plastiki. Kabla sijauliza lolote akaumwaga mezani: chupa nne za matone ya macho, tatu tupu, moja imebaki nusu. "Dokta, hii dawa iko inamusaidia sana," akasema. "Shida akiacha siku mbili tu, macho inarudi nyekundu." Mtoto alikuwa ameshusha kofia hadi karibu na pua, akiikwepa nuru ya dirishani, na muda wote anajisugua kwa kifundo cha kidole.

Watu wengi hapa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkano, wakiona jicho jekundu husema ni Apolo, ule ugonjwa wa macho unaoambukizwa. Lakini Apolo hupita darasa zima kwa siku chache, kisha inakwisha. Huyu macho yalikuwa yanamwasha tangu mwaka uliopita, na ndugu zake watatu anaolala nao kitanda kimoja hawajapata kitu. Hakuna kijidudu hapa. Ni kinga ya mwili yenyewe inayopambana na vumbi na vitu vingine visivyo na madhara kana kwamba ni adui. Vitabu vya Ulaya vinauita ugonjwa wa majira ya machipuo, kwa sababu kule huja pamoja na maua. Sisi hatuna haja ya kungoja maua: watoto wetu huwashwa mwaka mzima, na huzidi kiangazi, upepo unapoinua lile vumbi jeusi la lava na moshi wa mbabula, jiko la makaa, umejaa uani.

Dalili ninayoitafuta kwanza ni kuwashwa. Mtoto asiyewashwa nitamtafutia ugonjwa mwingine. Halafu namuuliza mama kuhusu asubuhi, naye hunionyesha kwa vidole jinsi anavyovuta ute mweupe unaonyooka kama uzi. Weupe wa jicho hugeuka rangi ya chai. (Mvulana mmoja wa miaka 14 alifukuzwa darasani kwa sababu mwalimu alidhani anavuta bangi.) Kuzunguka cheusi cha jicho huota ukingo mnene kama utomvu, wenye nukta nyeupe ndogo: marundo ya chembe za kinga zilizokufa. Nikigeuza kope la juu, mara nyingine nakuta uvimbe juu ya uvimbe, kama zile barabara zetu za mitaani ambazo lava haijasawazishwa. Fikiria kope la namna hiyo likipita juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kila mtoto anapopepesa. Ndipo hutokea kidonda, na kidonda kikipona vibaya huacha kovu.

Narudi kwenye zile chupa. Zote zilikuwa na deksametasoni, aina ya kotizoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe; mbili zimechanganywa na antibiotiki. Nilipima presha ya macho. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Yeye jicho la kulia lilikuwa 38, la kushoto 34. Nyuma ya jicho, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeanza kuchimbika. Kwenye ubao wa herufi alisoma karibu yote, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka: presha hula pembeni kwanza, katikati hubaki hadi mwisho. Kilicholiwa hakirudi. Kotizoni hiyo hiyo ikizidi huleta pia mtoto wa jicho, ambao watu hudhani ni ugonjwa wa wazee.

Simlaumu mama. Dawa zetu nzuri ni za polepole. Kromoglikati, matone ya kuzuia mwasho, hutiwa mara nne kwa siku, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Nani atavumilia wakati mtoto analia usiku? Kotizoni inatuliza kwa siku mbili, bei yake ni ndogo, na farmasi nyingi humpa yeyote anayeiomba. Mimi mwenyewe naiandika mtoto akizidiwa, lakini kwa wiki mbili au tatu, nikipunguza matone hatua kwa hatua na kupima presha. Ukitaka kujua kama unayo nyumbani, soma maandishi madogo ya Kifaransa kwenye chupa: jina la dawa likiishia na "-sone" au "-lone", usiendelee nayo bila mtu wa kupima presha. Matone ya siklosporini, yanayotuliza bila kupandisha presha, Ulaya iliyapitisha mwaka 2018 kwa watoto wa miaka 4 hadi 18. Hapa kuyapata ni bahati.

Nisieleweke kwamba kotizoni ni sumu. Kuna uvimbe mwingine, wa ndani ya jicho, uveitisi, unaowapata baadhi ya watoto wenye goti au kifundo kilichovimba kwa wiki nyingi bila kuumia. Huo ni mdanganyifu kuliko huu: jicho jeupe, haliwashi, haliumi, mtoto anacheza, na ndani mboni inaganda polepole. Huko kotizoni ndiyo tunaanza nayo, na mara nyingi tunaongeza metotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki. Mtoto mwenye ugonjwa huo wa viungo aangaliwe kwa darubini ya macho, mwanzoni kila miezi 3 hivi, hata kama halalamiki.

Kwa huyu wa kofia, kotizoni tuliipunguza hadi kuiacha, tukaanza matone ya kushusha presha. Timololi, mojawapo ya matone hayo, sikumpa: nilipouliza kuhusu kifua, mama alisema ana pumu, na timololi inaweza kumbana pumzi hata ikiwa ni tone la jichoni. Kromoglikati kila siku, kitambaa cha maji baridi akiwashwa, kunawa uso akitoka kucheza, kofia aendelee nayo hata shuleni. Kusugua marufuku, maana kusugua kwa miaka hukifanya kioo cha jicho kichongoke. Wengi huachana na ugonjwa huu wakifika ujana. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa bado anaona.

Walipokuwa mlangoni mama aligeuka, akaniuliza kama anaweza kuchukua ile chupa iliyobaki nusu. Jirani yake ana mtoto mwenye macho kama haya. Nikamwambia chupa aiache, jirani aje na mtoto.